Namna ya Kuupunguza Mzigo wa Kazi za Pamoja Kabla Haujakuelemea

Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna anayebisha kwamba kazi za ofisi huenda kwa watu kusaidiana. Lakini ipo hali ambayo mtu hufika kazini mapema, akahudhuria vikao vinne, akajibu jumbe kwa makumi, akapitia rasimu za wenzake watatu, kisha jioni ikamkuta hajaigusa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kazi hiyo huhamia usiku, na usiku ukijaa huhamia siku ya mapumziko. Mwongozo huu ni wa mtu huyo.

Kwanza ajue kwamba kuzidiwa huko si dalili ya uzembe. Mwaka 2016 Rob Cross, Reb Rebele na Adam Grant walieleza katika jarida la Harvard Business Review kwamba muda ambao mameneja na wafanyakazi huutumia katika shughuli za kushirikiana ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 50 au zaidi ndani ya miongo miwili, na kwamba mara nyingi asilimia 20 hadi 35 ya ushirikiano wenye tija hutoka kwa asilimia 3 hadi 5 tu ya wafanyakazi. Sababu mojawapo kila mtu ameishuhudia: aliyesaidiwa vizuri hurudi tena, na akirudi humleta mwenzake.

Anza kwa kuhesabu, si kwa kukataa. Kwa muda wa wiki mbili usibadilishe chochote. Weka tu daftari mezani, na kila mtu anapochukua muda wako andika ni nani, alitaka nini, na ilichukua dakika ngapi. Jambo hili huonekana la kitoto hadi siku ya kujumlisha, kwa kuwa mzigo huu hauji kama gunia moja unaloweza kuliona na kulikataa. Huja haba na haba, kila ombi likiwa dogo na la haki.

Ukishajumlisha, ligawe daftari lako kwa mafungu matatu, ambayo waandishi hao watatu pia waliyatofautisha. Fungu la kwanza ni la waliotaka maelezo unayoyajua. La pili ni la waliotaka uwafungulie mlango kwa watu unaofahamiana nao. La tatu ni la waliotaka muda na nguvu zako mwenyewe. Maelezo na mahusiano hayapungui kwa kugawiwa, lakini saa ikishatolewa imekwenda. Kosa letu kubwa ni kumlipa kwa muda mtu aliyekuja kutafuta maelezo. Tuseme wewe ni mhasibu, na watu sita wamekuuliza kwa nyakati tofauti namna ya kujaza fomu ya marejesho ya masurufu, nawe ukakaa na kila mmoja dakika 20. Hizo ni saa mbili. Ukurasa mmoja wenye maelekezo na mfano wa fomu iliyojazwa ungekuchukua labda dakika 40, na mtu wa saba angeusoma bila wewe kunyanyuka kitini. Kwa hiyo pitia daftari, tafuta swali lililojirudia mara nyingi kuliko mengine, uliandikie jibu, na uliweke mahali ambapo timu nzima inalifikia. Wiki inayofuata fanya hivyo kwa swali la pili.

Baada ya hapo geukia vikao. Frederick Brooks, aliyewahi kusimamia utengenezaji wa programu za mfumo endeshi katika kampuni ya IBM, alionyesha mwaka 1975 kwamba njia za mawasiliano huongezeka kwa kasi kuliko idadi ya watu: watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili, watu 10 wana njia 45, na watu 15 wana njia 105. Wahenga walilisema hilo bila hesabu, kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Kwa kila mwaliko jiulize kama unakwenda kuamua jambo, kutoa kitu ambacho wewe peke yako unacho, au kusikiliza tu. Ikiwa ni kusikiliza, kumbukumbu za kikao zinatosha. Unaweza kumwandikia mwitishaji hivi: “Nimepokea mwaliko wa kikao cha Jumatano, nashukuru. Naona ajenda ya pili ndiyo inayonihusu. Naomba nijiunge wakati huo, na mengine nitayasoma kwenye kumbukumbu.” Ni wachache sana wanaochukizwa na barua ya namna hiyo, na wakati mwingine mwitishaji mwenyewe hugundua kwamba wengine watano nao hawakuhitajika.

Muda unaookolewa lazima ulindwe, la sivyo utamezwa na maombi mengine. Mwaka 2009 Sophie Leroy alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu anapohama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa kama hakuimaliza. Kwa hiyo saa moja iliyokatwa vipande vinne hailingani na saa moja kamili. Weka kwenye kalenda kipindi cha dakika 90 kila siku kwa kazi yako mwenyewe, zima arifa, na ujibu jumbe kwa nyakati zinazojulikana, kwa mfano saa nne asubuhi, saa nane mchana na kabla ya kutoka. Wajulishe wenzako mapema, na uwaambie kwamba lenye haraka ya kweli wapige simu. Ukikatizwa hata hivyo, kabla hujamgeukia aliyekuja andika mstari mmoja: nimefika hapa, hatua inayofuata ni hii.

Kukataa ndiko kugumu kuliko yote, nami naona ugumu wake unatokana na jibu moja tunalolipenda mno, nalo ni “ngoja nitaangalia.” Tunaliona la adabu, kumbe linamwacha mwenzako na tumaini na wewe na deni. Afadhali kumwambia, “Wiki hii siwezi, lakini Jumanne ijayo nina nusu saa,” au kumwelekeza kwenye ule ukurasa ulioandika. Kwa msimamizi wako usiseme hapana, mpe uamuzi uwe wake: “Nina kazi hizi tatu za kukamilisha Ijumaa. Nikiichukua hii ya nne, ungependa ipi isogezwe wiki ijayo?” Nenda na daftari lako. Malalamiko ya jumla hujibiwa kwa kupigwa bega, bali orodha inayoonyesha kwamba saa 14 za wiki yako zilikwenda kwenye kuidhinisha vitu vidogo inamlazimu mtu kufikiri ni idhini zipi ziondolewe mikononi mwako.

Pia jichunguze bila kujionea huruma. Baadhi yetu hupenda kuhitajika, na tukikaa nusu siku bila kuulizwa kitu huwa sisi wenyewe tunaokwenda kuuliza kama kuna anayehitaji msaada. Ikiwa ndivyo, hakuna kalenda itakayokusaidia mpaka uamue ni kazi zipi za pamoja unazitaka kweli; hizo usiziache, kwa sababu zipo zinazompa mtu nguvu.

Baada ya mwezi, rudia hesabu kwa wiki moja na ulinganishe na ile ya mwanzo. Angalia na dalili tatu ambazo Shirika la Afya Duniani limezitaja katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, ambamo uchovu wa kupindukia umeelezwa kuwa ni tatizo litokanalo na kazi wala si ugonjwa: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Dalili ya pili huweza kuonekana katika jambo dogo, kama vile kukereka na ujumbe wa mwenzako kabla hujaufungua. Iwapo hesabu imepungua na dalili zimebaki, omba likizo ya kweli, isiyo na simu ya ofisi, na umwone mtaalamu wa afya. Iwapo hesabu haijapungua kabisa, mrudie msimamizi ukiwa na madaftari yote mawili.