Chetezo cha udongo: kutoka bondeni hadi kwa muuza udi

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Ufinyanzi naufanya jioni na Jumamosi, nyuma ya nyumba, bila gurudumu wala tanuri la umeme. Alinifundisha bibi mmoja wa Kipare tuliyepanga naye nyumba moja Makorora. Kwao Upareni, kama ilivyo kwa Wakisi wa Matema huko Ziwa Nyasa, kufinyanga ni kazi ya wanawake, na yeye aliianza kabla hajavunja ungo.

Nitakuelekeza kutengeneza kitu kimoja tu, chetezo, yaani chombo cha kutia makaa na kufukizia udi au ubani. Ni kidogo, hakidaiwi kushika maji, na nyumba nyingi za Pwani zinakihitaji. Ukikimudu, chungu cha maua na kibubu havitakushinda. Chungu cha kupikia kiache kwanza, kina masharti yake.

Ila tukubaliane tangu sasa: usiuze chombo ambacho hujakaa nacho ndani ukakiona tabia. Sababu yake utaikuta kwenye hatua ya sita.

Hatua ya 1: Tafuta udongo, kisha uuhoji

Udongo mzuri uko mabondeni, chini ya ule mweusi wa juu wenye mizizi. Chimba mpaka ufikie unaong'ang'ania jembe. Muombe mwenye shamba ruhusa, na usichimbe kingo za mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu kingo ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na haki yake, maana kingo zikishachimbwa mvua ya masika inazibeba. Udongo wa kichuguu nao unafaa, hasa kuchanganya na ule unaonata kupita kiasi.

Lowesha kidogo, usokote kamba nyembamba kama penseli, uizungushe kidoleni. Ikizunguka bila kukatika, udongo una mnato. Ikipasuka mgongoni, kuna mchanga mwingi, tafuta kwingine.

Jaribio la pili ni la sisi tunaokaa karibu na bahari. Ardhi yetu ina vipande vya matumbawe na makombe ya konokono, vingine vidogo kama chembe ya sukari. Kausha bonge la udongo, livunje, likamulie ndimu au limwagie siki, uweke sikio karibu. Ukisikia linachacharika na kutoa povu, humo mna chokaa. Udongo huo usiuguse, hata ukiwa laini namna gani. Mimi niliugusa.

Hatua ya 2: Safisha na kuulaza

Anika udongo ukauke kabisa, uuponde, ndipo uuloweke kwenye ndoo. Usiloweke ukiwa mbichi. Mkavu unayeyuka wenyewe kama biskuti kwenye chai, mbichi unabaki mabonge. Kesho yake koroga uwe uji, uchuje kwa chekecheke ya unga kwenye ndoo nyingine. Acha utuame, mwaga maji ya juu, mimina tope kwenye shuka kuukuu, ulitundike kwenye mti siku mbili tatu.

Unapoweza kukandwa, ongeza vigae. Hivi ni vipande vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa viwe kama chenga za mchele. Kipimo changu ni vikombe vinne vya udongo kwa kimoja cha vigae. Kazi yake ni kufungua njia ya mvuke kutoka, na kupunguza kusinyaa. Usitumie mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na una hayo hayo makombe tunayoyakimbia.

Kanda kama unga wa chapati, ukiusukuma na kuukunja hadi hewa itoke. Kata donge kwa uzi, tazama ndani. Ukiona vitundu, endelea kukanda. Kisha ufunge kwenye mfuko wa nailoni usioingiza hewa, uulaze wiki moja au zaidi. Udongo uliolala unatii mkono.

Kabla hujafinyanga chochote, tengeneza kipande bapa, uchore juu yake mstari wa sentimita 10. Upime kikikauka, upime tena kikishachomwa. Wangu hushuka hadi 9.3, kisha 9.1. Nikitaka chetezo chenye mdomo wa sentimita 12, nakifinyanga kwa zaidi ya 13.

Hatua ya 3: Finyanga

Zana zangu ni kipande cha kifuu kilichonolewa ukingo, gunzi la mahindi, kijiti cha mbavu za kuti, na jiwe laini la mtoni. Sahani kuukuu iliyogeuzwa juu ya kitambaa ndiyo ninayoizungusha.

Chukua donge la ukubwa wa chungwa. Tia dole gumba katikati, ubane pembeni huku unazungusha, upate bakuli lenye unene wa kidole cha mwisho. Usilipunguze zaidi, litabeba makaa ya moto. Juu yake ongeza kamba mbili za udongo, moja baada ya nyingine, na kila kamba uipake ndani na nje kwa dole hadi mshono upotee. Mshono unaouona leo ndio ufa wa wiki ijayo.

Mguu finyanga peke yake, kama kikombe kilichogeuzwa. Acha vyote viwili kivulini vikaze kidogo, kisha chanjachanja sehemu za kukutana, paka uji wa udongo, bana, uzungushie kamba nyembamba na kuilainisha. Toboa tundu moja kwenye mguu. Ukifungwa bila pa kupumulia, unyevu uliobaki ukigeuka mvuke motoni utaupasua. Pembeni mwa bakuli toboa matundu manne au matano ili makaa yapate hewa. Mdomo ukate meno au uuache wazi, upendavyo. Wateja wangu wa makamo wanataka meno, maharusi wanapenda mdomo laini.

Chetezo kikifikia ugumu wa sabuni ya mche, hapo ndipo pazuri. Kwangua kwa kifuu, kisha sugua kwa jiwe polepole, upande mmoja mmoja, mpaka uanze kung'aa. Chetezo kimoja hunichukua kama dakika 20 za kusugua tu. Wapo wanaoruka hatua hii na kupaka rangi ya mafuta baadaye. Usifanye hivyo: rangi hiyo ikikutana na makaa inatoa moshi mbaya, na mtu atauvuta chumbani pamoja na ubani wake.

Hatua ya 4: Kausha bila haraka

Siku tatu za kwanza kifunike kwa khanga yenye unyevunyevu, ndani ya nyumba. Kisha funua, kigeuze kila siku. Upepo ukipiga upande mmoja, upande ule unasinyaa kwanza na kuvuta mwenzake. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Februari, wiki moja inatosha. Masika mimi sichomi kabisa, nafinyanga na kuhifadhi.

Utajuaje kimekauka? Kiweke shavuni. Kikiwa baridi bado kina maji. Kama una mizani ya jikoni, pima leo na kesho. Uzito ukigoma kushuka, kiko tayari.

Hatua ya 5: Choma

Hapa ndipo vyombo vingi hufa. Maji yaliyobaki yakichemka ndani ya ukuta wa udongo hayana pa kutokea, na chombo kinalipuka. Kwa hiyo usikitie motoni moja kwa moja. Washa moto mdogo, pangilia vyetezo kuuzunguka umbali wa hatua moja, uvigeuze na kuvisogeza taratibu kwa saa mbili hadi viwe vya moto usivyoweza kuvishika kwa mkono mtupu.

Moto wenyewe nautengeneza kwa vitu vya minazi. Chini tabaka la makumbi makavu, juu yake vyetezo vimelala kwa kugusana, katikati vifuu, kisha makumbi tena, na juu makuti. Zungushia vigae vikubwa na vipande vya mabati chakavu kuzuia upepo. Washa kutoka juu ili moto ushuke wenyewe. Kila unapofunguka pahali, ongeza makumbi. Baada ya saa moja na nusu hivi, chungulia kwenye upenyo: ukiona vyombo vyenyewe vimekuwa vyekundu kama kaa la moto, umefika nyuzi 700 na kitu za Selsiasi. Vishikilie hapo nusu saa, kisha acha. Usifukue hadi asubuhi. Nilishawahi kuona chetezo kikikatika vipande viwili kwa sababu tu jirani alikitoa nje usiku apate kukiangalia.

Chomea mbali na paa la makuti, weka ndoo mbili za maji na moja ya mchanga, na waambie majirani mapema watoe nguo kwenye kamba. Mimi pia humwarifu mjumbe.

Mabaka meusi yakitokea ni pale palipokosa hewa. Hayana ubaya. Mimi nayapenda, na wateja nao wanayachagua.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuuza

Kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele ndogo, chenye ufa kinalia kizito kama kibuyu kilichojaa.

Sasa nikusimulie. Mwaka wangu wa pili, mwezi wa Shaaban, nilichoma vyetezo 20 kwa udongo mpya niliouchukua karibu na pwani. Ulikuwa laini kama samli. Vililia vizuri, vikang'aa, nikaviuza vyote kwa siku nne, watu wakijiandaa na Ramadhani. Siku ya tisa mama mmoja alinipigia: "Mwalimu, chetezo chako kinatoka vipele." Nikaenda. Ukutani mwa chombo kulikuwa na vijishimo vya duara, na kila kishimo katikati kina nukta nyeupe. Nilipougusa mdomo, ukamegeka mkononi mwangu.

Nukta zile zilikuwa makombe. Wazee wetu wa Pwani waliokuwa wakichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea wanaujua mwenendo huu: jiwe likishaiva kwa moto hunywa maji, hata unyevu wa hewani, likavimba na kuvunjika. Ndani ya chetezo changu yalitokea yale yale, kwa kipimo cha punje. Chombo kinatoka motoni kizima, kinakuja kupasuka siku kadhaa baadaye, kikiwa kwa mteja. Nilirudisha pesa za vyetezo 17, vingine vitatu sikuwapata wenyewe.

Tangu hapo kila mkupuo nautumbukiza kwenye maji usiku kucha, nautoa, nauacha rafuni siku 14. Kisha nachukua kimoja katika kila vitano, nakitia makaa na ubani mara tatu, nikisubiri kipoe kila mara. Kisipobadilika, wenzake wanaenda sokoni.

Hatua ya 7: Panga bei ukihesabu na mkono wako

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Hula gaeni kwa sababu vyema vyote ameviuza kwa bei ya udongo. Hesabu yangu ya mkupuo wa mwisho ilikuwa hivi: bajaji ya kubeba udongo shilingi 12,000, makumbi na vifuu 7,000, karatasi na kamba za kufungia 2,000. Jumla 21,000. Nilifinyanga 24, vikapasuka vinne, kwa hiyo gharama naigawanya kwa 20: ni 1,050 kila kimoja. Waliokufa lazima walipwe na walio hai. Saa zangu zilikuwa 27, nikazipa 2,000 kila moja, jumla 54,000, sawa na 2,700 kwa chombo. Chetezo kimeshanigharimu 3,750 kabla sijapata faida. Nauza 5,000 nyumbani, na 4,200 kila kimoja kwa anayechukua kumi.

Mtu atakuja kukuambia cha kutoka kiwandani ni nafuu zaidi. Usibishane naye. Mpe ashike, mwoneshe ulivyosugua, na kama bado hataki, mkaribishe siku nyingine.

Hatua ya 8: Uza

Anza na anayeuza kinachotiwa ndani ya chombo. Mimi nilianza na dada anayeuza udi na ubani Ngamiani. Nilimpa vitano kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, tukaandikiana kwenye daftari idadi, bei na siku ya kurudi. Usiache mali kauli bila tarehe, hata kwa ndugu. Wanaouza miche barabarani ndio wateja wa vyungu vya maua, na wapambaji wa maharusi huchukua vyetezo kwa jumla.

Picha piga asubuhi, ukutani kusipo na vurugu, chombo kikiwa mkononi mwa mtu ili ukubwa uonekane, na kimoja kikifuka moshi. Weka kwenye status ya WhatsApp na bei yake kabisa. Mtu akilazimika kuuliza bei, wengi hupita. Kupokea malipo tumia lipa namba. Cha kusafiri na basi kijaze karatasi ndani, kizungushie majani makavu ya mgomba, ukisimamishe kwenye boksi.

Mteja mweleze ukweli: kisimwagiwe maji kikiwa cha moto, kiwekwe juu ya kigae au sinia, kisitumike kama chungu cha kunywea maji.

Na kabla hakijakauka, kwenye hatua ya tatu, chora chini ya mguu namba ya mkupuo na alama yako. Yangu huwa hivi: namba, mstari, kisha herufi ya shamba nilikochimba. Mwezi uliopita mama mmoja wa Chumbageni aliniletea chetezo cha miaka mitatu kilichoanguka na kuvunjika mguu, akitaka kingine kama hicho hicho. Nilikigeuza, nikasoma, nikajua niende bonde gani.