Gia leva inacheza kama jino la mtoto? Anza na bushi kabla hujaambiwa giaboksi imekufa

Wakuu mwadila. Mimi natembelea Corolla 110 ya manyuali na kila siku lazima ipande Bugarika hapa Mwanza, na kama umewahi kupita kule unajua kale kamlima hakataki utani, ukikosa gia namba moja katikati gari inaanza kurudi nyuma na bodaboda kibao wako nyuma yako wanakupigia honi. Sasa mwaka jana leva ikaanza kulegea. Natafuta namba moja naangukia tatu, rivasi ndo kabisa, mpaka nipapase kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nikapeleka kwa fundi mmoja, hakufungua kitu, akatikisa leva mara mbili akasema boksi imekwisha, leta laki nne na nusu na gari ilale siku tatu. Nikasema sawa naenda kutafuta hela, nikaondoka nayo jumla. Kumbe ugonjwa ulikuwa bushi, vidude ambavyo ukiviweka kiganjani havizidi sana sarafu ya mia mbili.

Ngoja nieleze kwanza inavyofanya kazi maana ukishaelewa hapa, kufungua ni kazi ya mchana mmoja tu. Gari nyingi ndogo zinazovuta tairi za mbele, ile leva haigusi boksi kabisa. Chini yake inashika kebo mbili, moja inasukuma mbele na nyuma hiyo ndo inaingiza gia, nyingine inavuta kushoto na kulia hiyo ndo inachagua mstari, yaani kama unataka ya moja na mbili au ya tatu na nne. Kila kebo ina tundu huku na tundu kule, na kwenye kila tundu kuna bushi ya plastiki au mpira inayovaa pini. Kwa hiyo hesabu yako ni bushi nne, mbili chini ya leva ndani ya gari na mbili kule mbele chini ya boneti juu ya boksi. Bado mpira wa kati ambao leva yenyewe inazungukia.

Sasa angalia hii. Tuseme kuanzia pale leva inapozungukia mpaka kichwani ni sentimita 30, na kwenda chini inaposhika kebo ni sentimita 5. Hiyo ni mara sita. Bushi ikiliwa milimita 2 tu, huku juu mkononi kwako zinakuwa milimita 12, zaidi ya sentimita nzima ya kucheza bila kufanya kazi yoyote. Na hapo ni bushi moja, zikiliwa zote unajikuta unakoroga tu. Barabara zetu hizi za vumbi ndo zinamaliza kabisa, vumbi likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa msasa.

Kabla hujanunua chochote pima. Zima gari, weka mawe kwenye tairi, fungua boneti, mwite mtoto au jirani akae ndani akanyage klachi na kupeleka leva taratibu huku wewe unaangalia ile mikono miwili ya chuma juu ya boksi inayovutwa na kebo. Kama leva inatembea kwanza halafu mkono wa boksi ndo unastuka baadaye, bushi hizo, au kebo imechoka. Kama mkono unafika mwisho vizuri lakini gia inagoma, shida iko kwingine. Kuna hii pia: gia zinaingia laini gari ikiwa imezimwa ila ukiwasha zinakwaruza, hapo usihangaike na leva, angalia klachi kama inaachia vizuri na mafuta yake yapo. Na gia inayochomoka yenyewe ukiwa unavuta mzigo, hiyo ni mauntini za injini, yaani mipira inayoishikilia injini, au ndani ya boksi kweli, mpe fundi haki yake.

Vifaa ni vya kawaida, spana ya 10 na 12, bisibisi nyota na bapa, plaizi, tambara, grisi na simu yenye chaji ya kupigia picha. Mimi nilifanyia kivulini nyumbani Mkolani, sehemu tambarare. Nasisitiza tambarare kwa sababu ukishachomoa kebo gari haina gia ya kuishikilia, imebaki hendibreki na mawe tu, na mawe Mwanza hatujawahi kupungukiwa.

Toa waya wa negativu wa betri maana kwenye konsoli, ile plastiki ya katikati ya viti, kuna waya wa kiberiti na taa. Kichwa cha gia kinafunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa, kikigoma kifunge tambara uzungushe kwa mikono miwili, usikibane na plaizi kikatoka makovu. Kava ya ngozi inabanduka, halafu skrubu za konsoli, nyingine zimejificha chini ya trei na nyingine pembeni karibu na miguu, usivute kwa nguvu kama bado inagoma maana plastiki za gari za umri huu zinakatika kama muhogo mkavu. Ukishatoa konsoli utaiona leva yote na kitako chake kimekaa kwenye bolti nne za 12. Piga picha. Piga nyingine kwa pembeni. Nakwambia piga, mimi nilijiamini nikageuza kebo zikapishana, nikapoteza lisaa zima nashangaa leva inaenda kulia gia inaingia mbele.

Ncha za kebo zina vipini vidogo na washa, zitoe uziweke kwenye kikombe. Gamba la nje la kebo linashikwa na klipu ya bati inayochomoka kwenda juu, itoe taratibu huku umeiziba na kidole maana inaruka, na ikirukia chini ya kapeti utaitafuta mpaka magharibi. Hapo unafungua zile bolti nne na leva inatoka na kitako chake.

Safisha na maji ya sabuni. Watu wanapenda kuoshea petroli, kwa chuma sawa, ila mpira na plastiki zinavimba na kulainika. Ukishasafisha weka bushi kwenye pini utikise, utaona tu. Zangu moja ilikuwa imebaki kama pete, nyingine haikuwepo kabisa, mtu alishawahi kufunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli badala yake. Nilicheka lakini ilikuwa imemfikisha mbali huyo mtu.

Kupata bushi. Ukienda kwenye maduka ya spea mengine watakuuzia kebo nzima, na kama kebo yenyewe ni nzito, yaani ukiivuta kwa mkono inakwama kwama, nunua kweli. Ila kama kebo ni laini huhitaji, tafuta bushi peke yake, na ukikosa chukua ile ya zamani na pini yake upeleke kwa mkerezaji, fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, akukereze za nailoni. Mwambie aache upenyo kidogo sana, bushi izunguke kwa vidole bila kubana, kwa sababu nailoni hunywa unyevu ikavimba kidogo, na huku ziwani unyevu upo. Kuna wanaotengeneza za shaba. Za shaba gia zinakuwa kali sana unasikia kabisa inavyoingia, lakini mtikisiko wote wa injini unakuja mkononi na usipoweka grisi inakula pini. Mimi ni mtu wa nailoni. Grisi tumia ya silikoni au ile nyeupe isiyodhuru plastiki, ile ya kawaida ya bearingi acha kwa chuma kwa chuma.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, sina la kuongeza sana, ila kabla hujafunga konsoli zunguka gia zote gari ikiwa imezimwa na klachi imekanyagwa, ya kwanza mpaka ya tano na rivasi, ukiiachia kwenye frii leva irudi yenyewe katikati kwenye mstari wa tatu na nne. Isiporudi kuna klipu haijakaa. Gari nyingine kebo zina nati ya kurekebisha urefu, hapo unaweka frii kote kote ndani na bokseni ndo unakaza. Halafu usisahau zile bushi mbili za mbele chini ya boneti, wengi wanabadilisha za ndani wanasema wamemaliza, gari bado inacheza nusu.

Wenye Hilux za zamani na gari nyingine nyingi zinazosukuma kwa tairi za nyuma, kwenu hakuna kebo, leva imeingia moja kwa moja juu ya boksi. Weka frii, toa mipira ya vumbi, kuna kofia ya bati, ikandamize chini kwa nguvu huku unaizungusha kinyume cha saa inaachia na leva inachomoka juu. Mwishoni kwenye kidole chake kuna kibushi cha plastiki na juu kuna kiti cha plastiki cha ile gololi, hivyo ndo vinavyoliwa. Tundu liko wazi sasa, lizibe na tambara safi hapo hapo, maana mchanga au nati ikidumbukia humo ile laki nne na nusu utailipa kweli.

Haya, mambo ya kupendezesha sasa, najua vijana ndo mlikuwa mnasubiri. Shifta fupi, yaani leva inayotembea kidogo kuingiza gia, haina uchawi, ni ile hesabu ya juu. Ukiongeza upande wa chini kutoka sentimita 5 kuwa 6 na nusu, uwiano unashuka kutoka sita mpaka kama 4.6, mkono uliokuwa unatembea sentimita 9 unatembea 7 hivi. Inanoga. Lakini nguvu inayohitajika inapanda kwa kiasi hicho hicho, na ukiilazimisha haraka haraka unakula sinkronaiza, zile pete za ndani ya boksi zinazolainisha gia kuingia. Kukata leva kwa juu na msumeno nako kunafupisha, ila kumbuka ukikata umekata, na itabidi upigiwe tredi, yaani meno ya skrubu, upya.

Na tredi ndo sehemu watu wanapigwa kwenye nobu za urembo, yaani vichwa vya gia. Toyota nyingi ni unene wa milimita 12 kwa tredi ya 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, wakati bolti ya kawaida ya 12 madukani ni 1.75. Honda mara nyingi ni 10 kwa 1.5, Mazda 10 kwa 1.25. Ukifunga nobu ikakaza kwenye mzunguko wa pili, simama, hiyo siyo yake. Zile za kuingia kila gari zenye skrubu tatu ndogo za spana ya L pembeni zinalegea, utabaki nayo mkononi ukiwa kwenye mzunguko wa Buzuruga daladala zimekuzunguka pande zote.

Mimi nilinunua ya alumini, nzito, na kweli uzito unasaidia, gia inadondoka yenyewe kama imevutwa. Nikaipaki siku moja Mwaloni Kirumba saa sita mchana nikaenda kuchukua dagaa, kurudi nashika gia nimeungua kiganja. Wiki nzima nikawa naivalisha soksi, wife akaniuliza kama gari inaumwa mafua. Nikarudisha ile ya plastiki ya zamani. Ya alumini ipo kabatini, mwenye Toyota tredi ya 1.25 anayepaki kivulini aje tuongee bei.