Kumtembeza mwenye kiti cha magurudumu mashambani Uingereza: uliza geti kwanza

Kama unampangia mama, mzee au mtoto anayetumia kiti cha magurudumu matembezi ya mashambani hapa Uingereza, usianze na umbali wala mandhari. Anza na geti. Njiani kuna mageti mangapi, ya aina gani, na yana upana wa sentimita ngapi? Njia inaweza kuwa safi kwa kilomita tatu nzima, halafu kabla kidogo ya mwisho mnakuta chuma ambacho kiti hakipiti. Hapo hakuna wa kumwita. Mnageuza, mnasukuma kilomita tatu zilezile kurudi, betri imebaki robo na mvua imeshaanza.

Wengi wetu tunanaswa na ile alama nyeupe ya kiti cha magurudumu kwenye tovuti ya hifadhi au msitu. Mara nyingi alama hiyo inahusu maegesho, choo na mgahawa tu. Inakuhakikishia kwamba mama atashuka kwenye gari, atakwenda msalani na atakunywa chai. Kuhusu njia yenyewe haikuahidi kitu. Ukipiga simu, sauti ya upole inakuambia mtakuwa sawa tu. Waingereza wana adabu, na adabu yao inaona tabu kutamka "hapana". Isitoshe, aliyepokea simu huenda hajawahi kusukuma kiti hata siku moja, na geti analijua kwa kulipita kwa miguu yake. Kwa hiyo usimuulize kama njia inafaa. Muulize vitu vinavyopimika: sehemu nyembamba kuliko zote ina sentimita ngapi, mwinuko mkali kuliko yote ni kiasi gani na una urefu gani, ardhi ni lami, kokoto zilizoshindiliwa au nyasi, na mara ya mwisho mtu wao kupita njia nzima ilikuwa lini. Akikosa majibu, omba picha za kila geti kwa baruapepe. Wanazo, au wanaweza kuzipiga.

Mageti yenyewe ni ya aina nne au tano, na inafaa uyajue kwa sura. Stile ni ngazi za mbao au mawe za kukwea ua. Hizo sahau kabisa. Geti la kawaida lenye bawaba halina shida, mradi komeo linafikika na mtu aliyeketi. Kissing gate ndilo linalodanganya. Ni kizimba kidogo cha nusu duara au cha umbo la V, na ndani yake kijigeti kinachobembea upande hadi upande. Mtu anaingia, anajibana pembeni, anakirudisha kijigeti nyuma yake, anatoka. Ng'ombe hawezi. Kiti nacho, kwenye yale ya zamani, hakiwezi: kinaingia vizuri, unadhani mmefaulu, kisha vikanyagio vya miguu vinagonga ua wa mbele na kijigeti kinakosa nafasi ya kuzunguka nyuma ya mgongo wa anayesukuma. Mapya hujengwa makubwa zaidi na viti vingi hupita, ila skuta ndefu ya walemavu (kiti cha umeme chenye usukani) bado inaweza kukwama kwenye kona.

Aina nyingine inauma zaidi kwa sababu imewekwa kwenye njia zilizo nzuri kuliko zote. Ni vyuma viwili vilivyoinama kuelekeana, vipana chini na vyembamba kwenye usawa wa mikono, vya kuzuia pikipiki. Pikipiki inapita pembeni kwa kukanyaga nyasi. Anayezuiwa ni mwenye skuta, kwa sababu usukani wake uko palepale vyuma vinapobana. Ramani haivionyeshi na tovuti nyingi hazivitaji. Uliza.

Halafu kuna mageti yanayofunguka kabisa kwa ufunguo. Unaitwa RADAR, ni wa mpango wa kitaifa ulioanza 1981, na unafungua vyoo vya walemavu zaidi ya 9,000 nchi nzima. Baadhi ya mageti ya mashambani yamefungwa kufuli hiyohiyo. Bila ufunguo, geti ni la kujibana. Ukiwa nao, geti linafunguka lote na kiti kinapita moja kwa moja. Nunua ule halisi kwa Disability Rights UK, shirika la watu wenye ulemavu, au kwenye halmashauri inayouuza. Nakala za bei rahisi mtandaoni kuna kufuli zinazikataa, na hutaki kuligundua hilo mbele ya choo. Ufungeni kwenye kiti kwa kamba. Ufunguo uliobaki garini haufungui kitu.

Kabla ya kuuliza upana wa geti, pima upana wa kiti, na upime mahali panapostahili: kutoka ukingo hadi ukingo wa ringi za kusukumia, si upana wa pa kukalia. Kama mwenyewe ndiye anayejisukuma, ongeza sentimita 10 kwa ajili ya vidole. Pima pia urefu, vikanyagio vikiwa vimewekwa na yeye amevaa viatu. Skuta kubwa za nje zinaweza kufika mita 1.5, na kisheria zinaruhusiwa upana hadi sentimita 85. Andika vipimo hivyo viwili kwenye simu. Kila ukiulizia njia, vitangulize.

Sasa mwinuko, maana hapa ndugu wageni ndipo wanapojidanganya. Chukua mtu wa kilo 80 kwenye kiti cha kilo 15. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 10, yaani kupanda mita moja kila mita kumi, unasukuma karibu kilo 9.5 mfululizo ili tu kiti kisirudi nyuma, sawa na kushika ndoo ya lita 10 iliyojaa bila kuitua. Hapo hujahesabu kokoto. Kwenye 1 kwa 20 mzigo unakuwa nusu yake. Kijana mwenye nguvu atamudu 1 kwa 10 kwa mita hamsini. Kwa mita mia tano atasimama, na akisimama atahitaji breki zinazoshika. Kuteremka ni hatari zaidi kuliko kupanda: pakiwa pakali, geuza kiti, wewe tangulia chini ukirudi nyumanyuma na uzito ukuelemee mwilini. Ukimteremsha akiangalia mbele, gurudumu dogo likigonga jiwe anaruka kifudifudi.

Mwinuko unaweza kuusoma nyumbani kwenye ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, ya 1:25,000. Milimita 2 za ramani ni mita 50 za ardhi. Maeneo ya chini mistari ya mwinuko huachana kwa mita 5, kwa hiyo mistari miwili iliyo umbali wa milimita 2 kando ya njia yako inamaanisha 1 kwa 10. Ikikaribiana zaidi ya hapo, tafuta njia nyingine. Milimani mistari huachana kwa mita 10, hivyo soma kwanza maelezo ya pembeni ya ramani. Ramani haikuonyeshi njia iliyolalia upande mmoja. Hiyo huvuta kiti kuelekea mtaroni muda wote, na mkono mmoja unachoka kabla ya mwingine.

Pa kuanzia ni reli za zamani. Baada ya ripoti ya Beeching ya 1963, iliyopendekeza kufunga reli zisizolipa, reli nyingi za vijijini zilifungwa, na baadhi yake zikageuzwa kuwa njia za miguu na baiskeli. Treni ya mvuke haikuweza kupanda vilima vikali, ndiyo maana njia hizi zina mwinuko mdogo sana. Monsal Trail huko Peak District ina maili 8.5, na mahandaki yake yamefunguliwa kwa watembeaji tangu 2011. Ndani kuna baridi hata Julai, na taa haziwaki usiku kucha. Tissington Trail iko jirani. Lakini si kila reli ya zamani ni tambarare: kwenye High Peak Trail kuna sehemu kama Middleton ambako mabehewa yalivutwa kwa nyaya na injini iliyosimama juu ya kilima, na mteremko ule haukuondoka pamoja na treni. Kando ya mifereji nako ni tambarare, isipokuwa kwenye malango ya maji na chini ya madaraja, ambako njia hubana na kuinama kuelekea majini.

Lake District wana orodha ya njia zisizo na ngazi, Miles without Stiles, katika madaraja matatu. Daraja la kwanza linamfaa hata anayejisukuma mwenyewe, la pili linamtaka mwenye msaidizi, la tatu ni la wenye nguvu na ujasiri. Ukiwa na mama mwenye miaka sabini na kiti cha kukunja cha hospitali, kaa daraja la kwanza. Usijipe moyo.

Njia za farasi, zenye mshale wa bluu, hazina ngazi, kwa kuwa farasi hakwei ua, na sheria ya barabara ya 1980 inataka mageti yake yawe na upana wa angalau futi 5. Kwa geti, hizo ni bora kuliko njia za miguu, zenye mshale wa njano. Kwa matope, ni mbaya kuliko zote. Kwato huchimba mashimo ambayo magurudumu madogo ya mbele yanazama na kukaa. Nenda nazo baada ya wiki kavu.

Magurudumu hayo madogo ndiyo adui namba mbili baada ya geti. Kuna gurudumu moja kubwa linalofungwa mbele ya kikanyagio na kuyainua juu ya ardhi. Kwenye kiti chenye fremu imara hubadilisha kila kitu, ila mengi hayashiki kwenye vile viti vyepesi vya kukunja. La sivyo, kodi skuta ya nje kama Tramper kwenye vituo vinavyokodisha. Weka nafasi mapema, mara ya kwanza utafundishwa kabla ya kukabidhiwa, na uulize njia ipi wameipitisha kwa skuta hiyohiyo. Betri ihesabu nusu ya kile kinachoandikwa: baridi, matope na vilima vinaila.

Maegesho. Blue Badge, yaani beji ya maegesho ya walemavu, inaombwa kupitia tovuti ya serikali na inaamuliwa na halmashauri ya unakoishi, kwa hiyo mzazi aliyekuja matembezi asiitegemee. Ni ya mtu, si ya gari. Kuitumia mwenye beji akiwa amebaki nyumbani ni kosa lenye faini hadi pauni 1,000. Na sikilizeni hapa: Blue Badge inahusu barabara za umma. Maegesho mengi ya mashambani ni ya binafsi, yana kamera zinazosoma namba ya gari, na beji iliyo kwenye dashibodi kamera haiioni. Soma kibao kabla ya kuzima injini. Kama kinasema wenye beji walipe, lipa. Kama kinasema waandikishe namba ya gari ndani, andikisha. Barua ya faini itakufuata nyumbani, na kusema "nilikuwa na beji" hakutoshi.

Basi la kawaida lina nafasi ya kiti kimoja, si skuta ya porini. Treni, omba msaada wa rampu kabla na uulize kama kituo cha kijijini kina ngazi za kuvukia reli. National Trust, shirika la hifadhi za mandhari na majumba ya kale, humruhusu msaidizi kuingia bure kwa kadi yao ya Essential Companion, iombeni mapema.

Baridi haitaki mzaha. Wewe unayesukuma unatoka jasho na unavua koti. Aliyekaa hatoi joto jingi, na upepo unampiga usoni. Mvike kana kwamba ni baridi zaidi kwa tabaka mbili, funika magoti, na usiangalie mwili wako kujua hali yake. Kama miguu yake haina hisia, iguse kila nusu saa, na usiweke chupa ya maji moto juu yake, maana itamuunguza bila yeye kujua. Ainuke au aegemee upande mara kwa mara, la sivyo mto wa kukalia utamwachia kidonda.

Ndugu zangu, ile ya "tutambeba tu" muiache. Nyumbani ukikwama, vijana wanne wanatokea na mama anavuka. Hapa unaweza kumaliza saa nzima usione mtu ila kondoo. Kiti cha umeme kinaweza kupita kilo 100 bila mtu juu yake, na wawili kumnyanyua mtu juu ya ngazi iliyolowa ni mgongo mmoja na nyonga moja vinavyovunjika kwa pamoja. Na ile ya "tutauliza hukohuko" nayo: hukohuko hakuna wa kuuliza.

Mkikuta geti linalozuia kiti kwenye njia ya umma, piga picha, weka futi kamba kwenye upenyo ionekane pichani, na nakili rejea ya gridi, yaani namba zinazoonyesha mahali hapo, kutoka kwenye ramani. Peleka kwa idara ya njia za umma ya halmashauri ya kaunti, si kwa mkulima. Kumgongea mkulima mlango ukiwa mgeni kunaharibu siku ya kila mtu. Katika barua uliza swali moja: geti hili limeidhinishwa? Mkulima haruhusiwi kuongeza geti kwenye njia ya umma bila idhini, na idhini hutolewa kwa ajili ya kuzuia mifugo. Kama halina idhini wala halimo kwenye kumbukumbu rasmi za njia hiyo, ni kizuizi na halmashauri ina wajibu wa kuhakikisha linaondolewa. Kama linayo, taja Sheria ya Usawa ya 2010 na uombe libadilishwe liwe geti la kawaida au uwazi mtupu. Watakupa namba ya kumbukumbu. Wakinyamaza, iandike namba hiyohiyo kwa diwani wa eneo, na uambatishe tena ile picha yenye futi kamba.