Namna ya Kuidai Serikali Ahadi Iliyoitoa Geneva: Mwongozo kwa Watetezi wa Haki za Wapenzi wa Jinsia Moja

Mwaka 2011, ujumbe wa serikali ya Ushelisheli ulikaa mbele ya mataifa wenzake mjini Geneva, katika mapitio ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, ukaulizwa kwa nini sheria ya nchi hiyo ilikuwa bado inawaadhibu wanaume wanaopendana, nao ukakubali pendekezo la kuifuta adhabu hiyo. Bunge lilipitisha marekebisho mwezi Mei 2016, takriban miaka mitano baadaye. Sao Tome na Principe ilitoa ahadi ya namna hiyo mwanzoni mwa mwaka 2011, na mwaka uliofuata ikapata kanuni mpya ya adhabu isiyo na kosa hilo. Katika nchi zote mbili ahadi ilitangulia sheria, na ilikuwa imeandikwa, ina tarehe, na imehifadhiwa mahali ambapo hakuna waziri angeweza kuikana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanasheria, mwandishi wa habari, mhudumu wa afya au mwananchi yeyote anayetaka kuiwajibisha serikali yake kwa yale inayowatendea wapenzi wa jinsia moja, au kwa yale inayoyafumbia macho wanapotendewa na wengine. Ninaamini kwamba nguvu kubwa ya raia asiye na cheo ni kuipata kauli ya serikali kwa maandishi, kisha kuishikilia mpaka itekelezwe, na hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa lengo hilo.

Anza na jalada la ushahidi

Kabla ya kuandika barua yoyote, andika tukio. Andika tarehe, saa, mahali, nani alitenda, alivaa sare au hakuvaa, alitamka maneno gani hasa, na nani aliona. Kama taarifa ilifikishwa polisi, nakili namba ya RB kwa Tanzania au namba ya OB kwa Kenya. Kama kuna majeraha, hifadhi nakala ya fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya. Kama polisi walikataa kuandika taarifa, andika kwamba walikataa, saa ngapi, na katika kituo gani, kwa sababu kukataa huko ni tendo la serikali na kunaweza kuwa na uzito kuliko kipigo chenyewe.

Tazama shauri la Kwale, katika pwani ya Kenya. Mwezi Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa huko, wakapelekwa hospitali mjini Mombasa na kufanyiwa vipimo vya njia ya haja kubwa ili kutafuta eti ushahidi wa ushoga. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilichukulia kwamba waliridhia vipimo hivyo, ikatupa ombi lao. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iligeuza uamuzi huo na kusema vipimo vilikuwa kinyume cha sheria. Swali zito lilikuwa la ridhaa: je, mtu aliye mikononi mwa polisi anaweza kusemwa kuwa ameridhia kwa hiari? Kwa hiyo unapomhoji mtu aliyepitia jambo kama hilo, usiishie kwenye kipimo. Uliza nani alikuwa chumbani, kama pingu zilikuwa mikononi, kama karatasi aliyotia saini ilisomwa kwake na kwa lugha gani, na kama aliambiwa kwamba anaweza kukataa. Majibu ya maswali hayo madogo ndiyo yanayoweza kugeuza kesi.

Jina la mhanga halitoki kwenye daftari lako bila ridhaa yake. Mpe kila mtu alama ya siri, weka orodha ya majina mbali na maelezo yao, na umweleze waziwazi karatasi itafika wapi na itasomwa na nani. Nchini Uganda tahadhari ni kubwa zaidi, kwani sheria ya kupinga ushoga ya mwaka 2023 ina kifungu kinachoadhibu kile inachokiita kuhamasisha ushoga kwa kifungo cha hadi miaka 20, na Mahakama ya Katiba, ilipofuta vifungu vichache vya sheria hiyo tarehe 3 Aprili 2024, iliiacha sehemu kubwa yake ikisimama. Huko usiandike lolote kabla ya kukaa na wakili.

Jua milango iliyo wazi na iliyofungwa

Watu wengi hupoteza mwaka mzima wakibisha mlango usiofunguka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo Arusha, lakini mtu binafsi hawezi kufungua shauri huko moja kwa moja isipokuwa nchi yake imetoa tamko la kuruhusu jambo hilo. Tanzania ilitangaza kuliondoa tamko lake mwezi Novemba 2019. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo ipo Arusha, haidai umalize kwanza mahakama za nyumbani, ila inakupa miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu ukijue. Ukichelewa, wanasheria wa serikali hawatakosa kuihesabu kalenda.

Kenya, Tanzania na Uganda zote zimeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, lakini kati ya hizo tatu ni Uganda pekee iliyojiunga na Itifaki ya Hiari inayomruhusu mtu binafsi kuilalamikia nchi yake mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu. Tanzania imeridhia itifaki ya namna hiyo chini ya mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, na hapo kuna njia ambayo wengi hawaitumii: mwaka 2022, katika shauri la Rosanna Flamer-Caldera dhidi ya Sri Lanka, kamati ya mkataba huo iliona kwamba kuyafanya mapenzi kati ya wanawake kuwa jinai ni kuvunja mkataba.

Kwa nini nasisitiza njia hizi, ilhali uamuzi wa kamati hauna askari wa kuutekeleza? Kwa sababu ya Nicholas Toonen wa Tasmania, nchini Australia. Yeye hakuwa amekamatwa. Alilalamika mwaka 1991 kwamba kuwapo tu kwa sheria ya Tasmania iliyoyafanya mapenzi kati ya wanaume kuwa jinai kulimfanya aishi chini ya tishio, na tarehe 31 Machi 1994 Kamati ya Haki za Binadamu ilikubaliana naye, ikakataa pia hoja ya Tasmania kwamba sheria hiyo ilizuia UKIMWI. Bunge la Australia lilitunga sheria ya kulinda faragha mwaka huohuo, na Tasmania yenyewe ikafuta kosa hilo mwaka 1997. Hoja yake inafaa popote penye serikali inayojitetea kwamba sheria ipo kwenye vitabu tu na haimgusi mtu.

Ukienda kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, soma kwanza ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika. Inadai uwe umemaliza njia za kisheria nyumbani, usitegemee habari za magazeti peke yake, na usitumie lugha ya kudhalilisha. Sharti hili la mwisho huwanasa wenye hasira, na hasira yao naielewa, lakini barua yenye matusi inaweza kurudishwa bila kiini chake kuguswa. Chagua maneno vizuri hata unapowataja unaowatetea: pwani wanawake huitana “shoga” kwa mapenzi ya urafiki tu, na neno hilohilo mahali pengine hutupwa kama jiwe, kwa hiyo katika nyaraka “wapenzi wa jinsia moja” ni salama zaidi. Taja pia Azimio namba 275 ambalo Tume ililipitisha Luanda mwaka 2014, kwani linalaani ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kijinsia, na limetoka katika chombo cha Afrika chenyewe. Anayesema mambo haya yameletwa na wageni atalazimika kulijibu.

Tumia mapitio ya UPR, kwa maana hayakwepeki

Kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa hupitiwa na Baraza la Haki za Binadamu kila baada ya takriban miaka mitano, katika kikao cha saa tatu na nusu; mapitio hayo ndiyo huitwa UPR. Nyaraka tatu huwekwa mezani: ripoti ya serikali, mkusanyo wa taarifa za vyombo vya Umoja wa Mataifa, na muhtasari wa taarifa za asasi na wadau wengine. Huo wa tatu ndio mlango wako. Asasi moja hupewa nafasi ya maneno 2,815, na asasi zilizoungana hupewa 5,630, na hati hupelekwa miezi kadhaa kabla ya kikao. Kwa kuwa taarifa hizo huwekwa hadharani, jina la mhanga halina nafasi ndani yake.

Ushauri wangu ni kuungana. Chama cha wanasheria, shirika la afya na kikundi cha wanawake wakitia saini pamoja, serikali hupata shida kusema kwamba suala hili ni la watu wachache wasiojulikana.

Andika mapendekezo ambayo mwakilishi wa nchi nyingine anaweza kuyasoma kama yalivyo, maana kila nchi hupewa dakika chache sana za kusema. Pendekezo linalosema serikali “iheshimu haki za watu wote” litakubaliwa kwa tabasamu na halitabadilisha chochote. Linganisha na hili: “Ifute vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya.” Au hili, pale ambapo unajua kufuta sheria hakutakubaliwa leo: “Itoe waraka kwa vituo vyote vya polisi unaopiga marufuku vipimo vya kulazimisha, na ichapishe waraka huo ndani ya mwaka mmoja.” La pili ni dogo, lakini linapimika, na likitekelezwa kuna mtu ataokoka usiku atakaokamatwa.

Mapendekezo yako yakiwa tayari, yapeleke kwenye balozi zilizoko mji mkuu wiki kadhaa kabla ya kikao, ukurasa mmoja tu, wenye maombi yasiyozidi matatu. Usiende kwa balozi za Ulaya peke yake. Afrika Kusini imelinda mwelekeo wa kijinsia katika katiba yake, na mahakama za Botswana zilifuta kosa hilo mwaka 2019, uamuzi uliothibitishwa na Mahakama ya Rufani tarehe 29 Novemba 2021. Swali likitoka kwa jirani, jibu huwa la adabu zaidi.

Siku ya kikao, ambacho hurushwa mubashara kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa, andika neno kwa neno. Serikali haisemi imekataa pendekezo. Husema “imelikubali” au “imelizingatia”, na hilo la pili ndilo neno la kistaarabu la kukataa. Lakini sikiliza pia maelezo ya mdomo, kwani mara nyingi waziri anayekataa kufuta sheria husema, katika sentensi hiyohiyo, kwamba hakuna raia anayebaguliwa hospitalini au anayepigwa bila polisi kuchukua hatua. Kauli hiyo ina thamani kwako. Umeshaambiwa na serikali kipimo cha kuipimia.

Hata nje ya Geneva kauli za namna hii hupatikana. Mwezi Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alitangaza kampeni ya kuwasaka mashoga, na watu wakaombwa kutaja majina. Tarehe 4 Novemba 2018 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko kwamba hayo yalikuwa mawazo yake binafsi na si msimamo wa serikali, na kwamba nchi itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoiridhia. Tamko kama hilo liweke kwenye jalada, na ulinukuu katika kila barua inayofuata.

Kuhusu misaada

Utaulizwa kama unataka wafadhili wakate misaada. Fikiri sana kabla ya kujibu. Mwaka 2011 wanaharakati wengi wa Afrika walitoa tamko la pamoja kupinga hatua ya Uingereza ya kutishia kukata misaada, wakieleza kwamba wapenzi wa jinsia moja nao hutibiwa katika zahanati hizohizo, na ndio wanaogeuziwa lawama dawa zinapokosekana. Benki ya Dunia ilisitisha mikopo mipya kwa Uganda mwezi Agosti 2023, ikaondoa zuio hilo mwaka 2025, na sheria ilikuwa bado ipo. Mimi ningeomba masharti juu ya mradi wenyewe: kwamba kliniki inayojengwa kwa fedha hizo isimfukuze mtu, na kwamba kuwe na mahali salama pa kulalamika. Serikali za nje nazo zidaiwe lao. Uingereza ndiyo iliyosambaza vifungu hivi katika makoloni yake, na mwezi Aprili 2018 Theresa May, akiwa waziri mkuu, alieleza majuto kwa hilo mbele ya Jumuiya ya Madola. Haitoshi kujuta, waulizwe wanafanya nini kwa mtu anayeomba hifadhi kwao akiikimbia sheria hiyohiyo.

Baada ya wajumbe kurudi nyumbani

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, kwa sababu fedha za mradi zimeisha na kikao kingine kiko mbali. Tengeneza jedwali la kila pendekezo, jibu la serikali, wizara inayohusika na tarehe. Kila baada ya miezi sita iandikie wizara hiyo barua fupi ukiuliza hatua iliyofikiwa, na upeleke nakala kwenye tume ya haki za binadamu ya nchi yako na kwenye kamati husika ya bunge. Barua usiitume kwa barua pepe peke yake. Ipeleke mwenyewe masjala, subiri nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uihifadhi. Miaka mitano ikipita na ujumbe wa serikali ukasema Geneva kwamba jambo hilo halijawahi kufikishwa mezani kwake, nakala hizo kumi zenye mihuri ziwe tayari ndani ya kiambatisho chako.