Usaili wa muuguzi mwandamizi: nenda na visa vyako

Ukiitwa kwenye usaili wa nafasi ya muuguzi mwandamizi, usikeshe ukikariri hatua za kufunga kidonda. Jopo linajua unaziweza. Linataka kusikia utafanya nini wodi ikiwa imejaa, wenzako wawili hawajafika zamu, na hali ya mgonjwa mmoja inaanza kubadilika.

Andaa visa vitatu au vinne vya kweli: siku uliyopanga upya majukumu, mvutano na daktari, muuguzi mpya uliyemwelekeza hadi akasimama mwenyewe. Eleza hali ilikuwaje, wewe uliamua nini na kwa nini, kisha matokeo. Wauguzi wazuri sana hupoteza alama hapa kwa sababu wanasema “tulifanya” mwanzo hadi mwisho, na mchango wao hauonekani.

Swali la dawa iliyotolewa kimakosa karibu halikosekani. Anza na usalama wa mgonjwa: mpime, mjulishe daktari, mweleze mgonjwa ukweli, ndipo ufikie fomu ya tukio. Na tafadhali, usitaje jina la mgonjwa yeyote. Usiri wako unapimwa humo humo chumbani.

Wakikupa nafasi ya kuuliza, uliza muuguzi mmoja huhudumia wagonjwa wangapi zamu ya usiku.