Jinsi ya kupata alama ya CE ya gundi ya vigae na bidhaa zingine za ujenzi: cheki Gazeti Rasmi kabla hujailipa maabara

Kama kiwanda chenu kinatengeneza gundi ya vigae, saruji, kokoto, madirisha au kitu chochote kinachofungwa kwenye jengo na kubaki humo, na mnataka kukiuza kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, basi mkishakuta kuna kiwango cha Ulaya kilichooanishwa kwa bidhaa hiyo alama ya CE ni lazima, hakuna kuzunguka. Sisi tumemaliza kuipitia ya gundi ya vigae juzi juzi hapa na hela nyingi imeliwa sehemu moja tu, ambayo mshauri hakuisema na maabara haikuisema, kwa hiyo hiyo nitaieleza kwa kirefu, hatua zingine nitazipita mbio.

Kwanza mjue CE ya ujenzi inasema nini. Watu wengi wanaichukulia kama muhuri wa ubora, kwenye ujenzi haiko hivyo. Inasema mtengenezaji amepima utendaji wa bidhaa kwa njia iliyokubaliwa Ulaya nzima na ametamka matokeo kwa maandishi na anawajibika nayo. Kiasi gani kinatosha kwa ukuta wa nje au kwa ngazi ya dharura, hiyo inaamuliwa na kanuni za ujenzi za kila nchi. Yaani gundi yako inaweza kuwa na CE halali kabisa na bado isiruhusiwe kwenye kazi fulani. Mwambieni hivyo mtu wa mauzo mapema kabla hajaahidi wateja.

Sheria kwa sasa ziko mbili na hapo ndo watu wanachanganyikiwa. Kuna Kanuni namba 305/2011 iliyoanza kutumika yote tarehe 1 Julai 2013, na kuna mpya namba 2024/3110 ambayo sehemu yake kubwa imeanza tarehe 8 Januari 2026. Mtu akikwambia ya zamani imeshakufa, usimsikilize, kwa sababu viwango vilivyotolewa chini ya ile ya zamani vinaendelea kwa utaratibu wa zamani mpaka vitolewe vipya chini ya sheria mpya, na sheria mpya yenyewe imeacha baadhi ya vifungu vya zamani viendelee hadi 8 Januari 2040. Ndo maana haya maelezo yote hapa chini ni ya njia ya 305/2011.

Sasa sehemu yenyewe. Hatua ya kutafuta kiwango cha bidhaa yako inaonekana rahisi mno, unaingia duka la viwango mtandaoni, unaandika jina la bidhaa, unanunua toleo jipya kabisa, unalituma maabara. Usifanye hivyo! Kamati ya viwango ya Ulaya, CEN, inatoa toleo jipya, ila toleo hilo halikupi haki ya kuweka CE mpaka Tume ya Ulaya ilitaje kwenye Gazeti Rasmi la Umoja wa Ulaya. Na matoleo mengi hayajatajwa. Kwa gundi ya vigae kilichotajwa ni EN 12004:2007+A1:2012, halafu kuna EN 12004-1:2017 ambacho ni kipya zaidi, kinauzwa, kila mtu anakinukuu, na hakijatajwa. Vigae vyenyewe vya kauri ni hivyo hivyo, kilichotajwa ni EN 14411 cha 2012 wakati cha 2016 kipo sokoni. Kokoto za zege pia, unatumia EN 12620:2002+A1:2008 na siyo kile cha 2013.

Maabara moja ilipokea sampuli zetu, ikapima kwa toleo la 2017, ikatoa ripoti nzuri yenye mihuri yote, na ripoti hiyo haikuweza kuingia kwenye tamko letu la utendaji, ile karatasi ambayo mtengenezaji anatamka matokeo, kwa sababu tamko linatakiwa kutaja kiwango kilicho kwenye Gazeti Rasmi. Vipimo vya gundi siyo vya siku mbili. Nguvu ya kushika inapimwa baada ya siku 28, halafu kuna ya maji, siku 7 hewani na 21 majini, ya joto, siku 14 za kawaida na 14 kwenye nyuzi 70, na ya kuganda na kuyeyuka mizunguko 25. Mkirudia, mnarudia yote hayo na ankara mpya juu, na mteja anasubiri. Kama mmeshaingia humo tayari, kabla ya kulipa tena iulizeni maabara kwa maandishi ni vipimo gani ambavyo mbinu yake haikubadilika kati ya matoleo mawili, maana ripoti ya hivyo wanaweza kuitoa upya wakitaja toleo sahihi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Fungueni orodha ya msingi, ile taarifa ya Tume ya tarehe 9 Machi 2018 iliyo kwenye Gazeti Rasmi mfululizo C namba 92, tafuteni kiwango chenu, andikeni namba na mwaka wake kamili pamoja na nyongeza kama +A1. Halafu fungueni Uamuzi wa Tume 2019/451 na marekebisho yake, muone kama kimebadilishwa. Chapisheni ukurasa huo, muweke kwenye faili, na kwenye oda ya maabara andikeni toleo hilo hilo herufi kwa herufi. Msiandike tu "kwa mujibu wa EN 12004", hapo ndo mlango wa hasara unapofunguka.

Kwa nini Tume imekuwa ngumu hivi? Kuna kesi ya James Elliott ya Ireland, kokoto zilikuwa na madini ya pyrite na jengo likapata nyufa, na tarehe 27 Oktoba 2016 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kiwango kilichooanishwa ni sehemu ya sheria ya Umoja. Sasa kama kiwango ni sheria, kila neno ndani yake linasomwa kisheria kabla halijatajwa, na viwango vya ujenzi vikawa vinarundikana bila kutajwa. Ukiijua sababu hii hutashangaa kuona unapimwa kwa karatasi ya zamani wakati mpya ipo mezani.

Hatua inayofuata ni kujua mfumo wa uhakiki, yaani nani anapima na nani anakagua, upo nyuma ya kiwango kwenye kiambatisho ZA. Kuna 1+, 1, 2+, 3 na 4. Saruji iko 1+, hapo taasisi ya nje inakagua kiwanda na inachukua hadi sampuli za kupima yenyewe. Chuma cha miundo cha EN 1090-1 ni 2+, taasisi inathibitisha udhibiti wa uzalishaji kiwandani. Gundi ya vigae ni 3, maabara ya nje inapima aina ya bidhaa, mengine yote yako juu yenu. Mfumo 4 mnafanya wenyewe kila kitu. Biashara ndogo kabisa yenye watu chini ya 10 ina nafuu, kwenye kifungu cha 37 inaruhusiwa kuichukua bidhaa ya mfumo 3 kwa taratibu za mfumo 4, lakini lazima iwe na nyaraka za kiufundi zinazoonyesha mbinu yake inalingana na ya kiwango.

Na hapa kuna mtego wa pili. Maabara kuwa na ithibati ya ISO 17025, kile kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, haitoshi. Kwa mfumo 3 inatakiwa iwe taasisi iliyoteuliwa na nchi mwanachama na kuarifiwa kwa Tume, yenye namba ya tarakimu nne, na iwe imeteuliwa kwa kiwango chako hicho hicho. Ingia kwenye kanzidata ya NANDO, ile ya Tume yenye orodha ya taasisi hizo, bure kabisa, tafuta kwa namba ya kiwango na siyo kwa jina la maabara, maana maabara inaweza kuwa humo kwa madirisha na isiwemo kwa gundi. Cheti chao kizuri ukutani kisikuzuie kucheki.

Wakati maabara inapima, jengeni udhibiti wa uzalishaji kiwandani. Mizani iwe imehakikiwa, kila malighafi inayoingia iandikwe, kila mchanganyo uwe na namba, vipimo vya mara kwa mara viwe na rejista na jina la aliyepima. Wengi wanaliacha hili mwisho kwa sababu mfumo 3 hauna mkaguzi wa kuja, lakini wasimamizi wa soko wakija kuuliza, rejista ndo kitu cha kwanza wanachoomba, na kusema kweli hata wasipokuja, gundi inayoshika kigae kwenye ukuta wa nje juu ya vichwa vya watu haifai kutengenezwa kwa kukisia.

Kuhusu moto, msijiandikie A1, daraja la juu kabisa la kutowaka, kwa sababu tu gundi ni ya saruji. Uamuzi wa Tume 96/603 unaruhusu A1 bila kupima pale vitu vya kikaboni visipozidi asilimia 1, na gundi nyingi za daraja la C2, yaani za saruji zilizoboreshwa, zina unga wa polima unaovuka hapo. Ama pimeni, ama andikeni NPD, yaani utendaji haujabainishwa. NPD inaruhusiwa mradi angalau sifa moja ya msingi iwe imetamkwa na nchi mnayouza haidai hiyo mliyoiacha.

Tamko la utendaji lenyewe siyo gumu, kiolezo kiko kwenye Kanuni 574/2014, jazeni kama kilivyo, msiongeze maneno ya matangazo. Matokeo yaandikwe kwa namba au daraja, mfano nguvu ya kushika ya C1 ni 0.5 N/mm² kwenda juu na C2 ni 1.0 kwenda juu. Liwe kwa lugha ambayo nchi mnayouza inaidai, zaidi ya moja ikibidi. Mnaweza kuliweka kwenye tovuti kwa masharti ya Kanuni 157/2014, na mlitunze pamoja na nyaraka zake miaka 10 tangu bidhaa ilipoingia sokoni.

Kwenye mfuko, herufi CE zisipungue milimita 5 kwa urefu. Zifuatwe na tarakimu mbili za mwisho za mwaka ambao alama iliwekwa MARA YA KWANZA, halafu jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya aina ya bidhaa, namba ya tamko, kiwango, utendaji, matumizi na namba ya taasisi ikihusika. Wachapishaji wana tabia ya kubadilisha mwaka kila Januari wakidhani wanasaidia, wakatazeni kwa maandishi.

Mkiwa nje ya Umoja, tangu 16 Julai 2021 lazima awepo mtu au kampuni ndani ya Umoja anayewajibika, awe mwagizaji au mwakilishi mwenye barua ya mamlaka. Mwakilishi huyo hawezi kuandaa nyaraka za kiufundi, hiyo kazi inabaki kwa mtengenezaji, kwa hiyo anayewauzia huduma ya "tutafanya kila kitu" mwombeni aonyeshe nani anasaini nini. Na mwagizaji akiuza kwa jina lake mwenyewe, sheria inamhesabu kuwa mtengenezaji, tamko linakuwa lake.

Mkishamaliza msibadilishe mchanganyo kimyakimya. Mkibadili saruji, mchanga au unga wa polima kwa namna inayoweza kugusa utendaji, aina ya bidhaa inapimwa upya kwa sifa zilizoguswa na tamko linatolewa jipya lenye namba mpya, na kabla ya kutuma hizo sampuli rudini tena kwenye Gazeti Rasmi, kwa sababu siku gundi itakapopata kiwango chini ya 2024/3110 mtaacha tamko hili na kuandika lile jipya la utendaji na ukidhi, ambalo linadai pia athari ya bidhaa kwa tabianchi, na takwimu za kulijaza hilo inabidi mwanze kuzikusanya kiwandani mapema.