Hita ya tangi ifunguliwe mara moja kwa mwaka
Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam, hasa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, huikumbuka hita ya bafuni siku inapoanza kuvuja, ilhali ndani ya tangi mna fimbo ya magnesi iliyowekwa makusudi ili iliwe na kutu badala ya chuma, na ikiisha, zamu ya kuliwa huwa ya tangi lenyewe. Fundi alipoifungua ya kwangu, fimbo ilikuwa imebaki waya mtupu, na koili inayopasha maji moto imevaa chokaa nyeupe iliyobanduka vipande vipande kama ganda la yai. Chokaa hiyo huizuia koili kutoa joto lake kwenye maji, hivyo hupata moto kupita kiasi hadi ikaungua. Gharama ni ujira wa fundi, fimbo na mpira mpya wa kuzuia kuvuja, nami naiona ndogo mno mbele ya bei ya hita nzima. Mwombe pia aijaribu vali ya usalama, kwa kuwa ikiziba, presha hukosa pa kutokea na tangi linaweza kupasuka. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla kifuniko hakijaguswa.